Moshi kugeuzwa spiriti: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mwanza

Mi ni ticha wa tuition, kemia, jioni nipo Igoma. Tangu siku niliyowaambia vijana wangu kwamba hewa ukaa, hiihii inayotoka kwenye ekzosi na kwenye pumzi zetu, inaweza kurudishwa kuwa mafuta yanayowaka, sijapumzika. Wanafunzi wakasimulia nyumbani, nyumbani wakawaambia boda, boda wakaifikisha mpaka mwaloni Kirumba, na bamdogo wangu anayevua dagaa kule Kayenze ndo usiseme, kila mwezi ukiwa mpevu anakuja na maswali mapya maana siku hizo dagaa hawaifati taa kwahiyo wavuvi wanashinda nchi kavu wanashona nyavu na kubishana. Nimechoka kurudia, nimeandika yote hapa. Mengine yanajirudia kidogo, mnisamehe.

Ticha, hii kitu ni kweli au stori za kijiweni?

Ni kweli kabisa, na wala sio jana. Kule Iceland, sehemu inaitwa Svartsengi, kuna kiwanda kina jina la George Olah, mkemia aliyepata Nobel mwaka 1994, kilianza kazi miaka ya 2011 na 2012 hivi, na kilijengwa kwa uwezo wa tani 4,000 za methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, kwa mwaka. Walikuwa wanachukua hewa ukaa inayotoka na mvuke wa chini ya ardhi, wanaichanganya na haidrojeni, wanapitisha kwenye katalisti, inatoka spiriti. Mwaka 2022 China nao, mji wa Anyang, wakafungua kikubwa zaidi cha tani 110,000 kwa mwaka. Kwahiyo ukiambiwa haiwezekani, mwambie huyo jamaa akalale.

Ila kuna neno moja hapo juu watu huwa wanalipita harakaharaka: haidrojeni. Shika hilo, tutalirudia mpaka uchoke.

Sasa kama inawezekana mbona bado tunalia na bei ya sheli?

Hapa ndo penyewe. Hewa ukaa sio mafuta yaliyojificha, hewa ukaa ni majivu. Kuni ikishaungua inabaki majivu, na hakuna mtu anapikia majivu. Petroli nayo ikishaungua, kile kilichokuwa kaboni ndani yake kinatoka kikiwa kimeshikana na oksijeni mbili, kimeshatoa joto lake lote, kimetulia, hakitaki kusumbuliwa. Ukitaka kukirudisha kiwe mafuta tena lazima urudishe nguvu yote iliyotoka, na zaidi yake, maana njiani nyingine inapotea. Hiyo nguvu itatoka wapi? Umeme. Kwahiyo spiriti ya hewa ukaa sio chanzo cha nishati kama kisima cha mafuta au maporomoko ya maji, ni namna ya kuutia umeme kwenye dumu. Ukilielewa hili moja, maswali mengine yote huku chini utayajibu mwenyewe hata mimi nisipokuwepo.

Katalisti ni nini, na inafanya nini hasa?

Kwenye vitabu wanaita kichocheo. Ni kitu kinachofanya mchanganyiko uende haraka bila chenyewe kuisha. Waliosoma Form Two mnakumbuka kutengeneza oksijeni, ule unga mweusi wa manganizi unautupia kwenye haidrojeni peroksaidi linachemka povu, alafu mwishoni unga bado upo vilevile. Ndo hiyo.

Kwenye kazi yetu hesabu iko hivi: hewa ukaa moja na haidrojeni tatu zinatoa methanoli moja na maji moja. Kwa karatasi ni rahisi sana. Ila ukichukua hizo gesi ukazifungia kwenye mtungi ukakaa ukisubiri, utazeeka, hazishikani. Katalisti inazipa sehemu ya kutua. Haidrojeni ikitua juu ya shaba inachanika vipande viwili, hewa ukaa nayo inatua jirani, zinaanza kupeana kidogokidogo mpaka methanoli inaondoka na nafasi inabaki wazi kwa wengine. Kama meza ya kupimia samaki mwaloni, meza ni ileile, wanaopita juu yake ndo wanabadilika.

Na nisisitize, katalisti haiongezi nguvu. Haiwezi kufanya majivu yawake bure. Inafupisha njia tu.

Kwanini shaba? Ninazo nyaya chakavu za shaba, zitafaa?

Kwanza hizo nyaya umezitoa wapi, maana mtaa wa pili umeme haupo.

Shaba kwasababu inashika kwa kiasi. Nikeli inashika kwa nguvu mno, inavua oksijeni zote mpaka unapata methani, yaani gesi, hiyo aliigundua Mfaransa Paul Sabatier na akapata Nobel mwaka 1912. Chuma kinaelekea kwenye minyororo mirefu ya mafuta. Shaba inaishia katikati, inakuachia spiriti. Kwahiyo metali unayochagua ndo inaamua upate nini, gesi ni zilezile.

Nyaya lakini hazifai. Kinachofanya kazi ni ngozi ya nje ya shaba tu, ya ndani imekaa bure. Fikiria dagaa na sangara. Dagaa ukiwaanika asubuhi jua likiwa kali jioni wamekauka, sangara mzima ukimwanika hivyohivyo kesho ana funza, samaki ni samaki ila mmoja sehemu kubwa ya mwili wake ipo nje na mwingine ipo ndani. Waya wako ni sangara. Viwandani wanataka dagaa, tena dagaa mdogo kuliko hata jicho la darubini ya shule linavyoona, chembe za shaba za nanomita chache, na nanomita moja ni milimita ukiigawa mara milioni.

Wanatengeneza hivi: wanayeyusha chumvi za shaba, zinki na aluminiamu kwenye maji, wanaongeza magadi taratibu huku wanapima, linaganda tope la rangi ya bluu na kijani, wanalichuja, wanaliosha sana (sodiamu ikibaki inaharibu), wanakausha, wanachoma kama nyuzi 300, wanakandamiza vidonge, alafu mwisho kabisa wanapitisha haidrojeni ili shaba irudi kuwa metali. Shaba inakuwa kama nusu ya uzito au zaidi kidogo, inayobaki ni oksaidi ya zinki na alumina (oksaidi ya aluminiamu). Kazi ya zinki wataalam wamebishana miaka mingi, kila mtu ana yake, ila bila zinki inafanya kazi vibaya, hilo wote wanakubali. Alumina inazuia chembe zisigandane.

Mapishi haya sio mapya. Wajerumani wa BASF walianza kutengeneza methanoli viwandani mwaka 1923 kwa zinki na kromiamu, kwa presha kali ya kutisha, alafu miaka ya 1960 kampuni ya ICI ya Uingereza ikaleta shaba na zinki na presha ikashuka sana. Wao walitumia gesi ya kabonimonoksaidi zaidi. Sisi leo tunataka hewa ukaa tupu, na hapo kuna tabu yake nitaieleza kwenye swali la katalisti kufa.

Joto na presha kiasi gani? Mtungi wa gesi wa jikoni si utatosha?

USIJARIBU. Herufi kubwa nimeziweka makusudi.

Joto ni nyuzi 200 mpaka 300, wengi wanakaa karibu na 250. Presha ni mara 50 mpaka 100 ya hewa ya kawaida. Tairi la boda lina kama mara 2, mtungi wako wa jikoni kwa kawaida hauzidi mara 10, mitungi ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea ndo inafika huko na zaidi, na unajua ule chuma chake ulivyo mnene. Juu ya yote ndani kuna haidrojeni, ambayo inavuja hata pale gesi nyingine zinaposhindwa, na inawaka hata ikiwa asilimia 4 tu ya hewa ya chumba.

Waliosoma mchakato wa Haber, ule wa kutengeneza amonia, watauliza mbona tusiongeze joto liende haraka. Swali zuri. Huu mchanganyiko unatoa joto wenyewe, kama kilojuli 49 kwa kila moli (kipimo cha wakemia), kwahiyo ukiongeza joto unausukuma urudi nyuma, Le Chatelier, mkemia aliyeweka kanuni hiyo, hakuwa mjinga. Ukipunguza joto katalisti inasinzia. Inabidi ukae katikati, na hapo katikati gesi ikipita mara moja sehemu kubwa inatoka kama ilivyoingia. Ndo maana kiwandani wanaipoza, methanoli na maji vinadondoka chini kama umande, iliyobaki wanaizungusha tena na tena. Alafu kuna njia ya panya: sehemu ya hewa ukaa badala ya kuwa methanoli inakuwa kabonimonoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Joto likizidi ndo njia hiyo inapanuka.

Haidrojeni inatoka wapi? Si tuna ziwa zima hapa?

Kweli maji hatuna shida nayo, japo wa Nyegezi watanipinga bomba linapokata siku tatu. Maji ukiyapitisha umeme yanachanika, haidrojeni upande mmoja, oksijeni upande mwingine. Ila sio maji ya ziwa yalivyo, yana mwani, yana chumvichumvi, yana kila kitu, inabidi yasafishwe kwanza mpaka yawe kama ya betri.

Mimi nilishajiaibisha hapa. Mwaka fulani nilitaka kuwaonyesha wanafunzi, nikachukua betri ya boda, vijiko viwili, maji, na ili umeme upite vizuri nikatia chumvi ya mezani, tena nyingi, madirisha tumefunga maana mvua ilikuwa inanyesha. Povu likaja, watoto wakashangilia, baada ya dakika kadhaa darasa zima linanuka jiki na mstari wa mbele wanakohoa. Ukitia chumvi upande wa pili haikupi oksijeni, inakupa klorini. Ticha wa kemia, nilitakiwa kujua kuliko wote mle ndani. Tukatoka nje kwenye mvua. Viwandani hawatumii chumvi ya mezani, wanatumia potashi kali au vifaa vya utando maalum.

Maji sio tatizo, tatizo ni umeme. Kilo moja ya haidrojeni inakula uniti 50 mpaka 55 za umeme. Kila ninapowaambia watu hii namba wanaguna.

Lita moja ya spiriti inakula umeme kiasi gani? Tupe hesabu.

Haya, chukua kalamu. Lita ya methanoli ina uzito kama gramu 790. Inataka hewa ukaa kilo 1.1 hivi, na haidrojeni gramu 150. Haidrojeni hiyo ni uniti 7.7 au 8, weka na pampu za kukandamiza, tuseme uniti 8 na ushee. Uniti tuifanye shilingi 300 ili hesabu isitusumbue, hiyo ni shilingi 2,400 ya umeme peke yake, hujalipia kiwanda, hujalipia hewa ukaa, hujamlipa mlinzi. Na hujamaliza, kwasababu lita ya methanoli ina nguvu nusu tu ya lita ya petroli. Kwahiyo kupata safari ya lita moja ya petroli ni lita mbili, shilingi 4,800 na zaidi. Nenda sheli ukalinganishe mwenyewe.

Kwa sola: paneli ya wati 100 kwa jua letu zuri inakupa kama nusu uniti kwa siku. Lita moja ni siku 16. Paneli moja, lita moja, nusu mwezi.

Na kuna hesabu nyingine inanichekesha, mtu mzima anapumua kama kilo moja ya hewa ukaa kwa siku. Yaani pumzi yako ya kutwa inakaribia kutosha lita moja ya methanoli. Hewa ukaa hatujapungukiwa jamani.

Haya hiyo hewa ukaa tunaikamata vipi?

Inategemea unaikamata wapi. Kwenye hewa ya kawaida ipo kama asilimia 0.04, ni kama kutafuta furu mmoja ziwa zima. Kwenye moshi wa injini ya petroli ni asilimia 12 mpaka 14, iliyobaki zaidi ni naitrojeni, kwahiyo unahitaji maji ya amini yanayoinyonya yakiwa ya baridi na kuiachia yakichemshwa. Inawezekana ila joto la kuchemsha nalo ni gharama.

Ya bure kabisa, safi, ni ya kwenye mapipa ya pombe. Hamira ikila sukari inatoa ethanoli na hewa ukaa karibu uzito sawa, 92 kwa 88. Mwanza viwanda vya bia tunavyo, ila msidhani wanaimwaga tu, viwanda vya bia huwa vinaikusanya na kuirudisha kwenye chupa iwe povu. Viwanda vya soda navyo vinaitafuta, kule Rungwe mkoa wa Mbeya gesi hii inatoka yenyewe ardhini na inavunwa kuuzwa. Kwa hiyo kabla hujaigeuza mafuta jua kuna mtu tayari anainunua iwe povu la soda, na analipa vizuri.

Bamdogo aliuliza kama Ziwa Victoria lina gesi chini kama Ziwa Kivu, lile la mpakani mwa Rwanda na Kongo. Hapana. Kivu ni refu kwenda chini, linapakana na volkano, lina methani na hewa ukaa nyingi vilivyoyeyuka chini, na Rwanda wanavuta ile methani kuzalisha umeme. La kwetu ni kama sinia, pana ila kina kifupi, upepo unalikoroga.

Katalisti inakufa?

Inakufa, na vifo vyake ni viwili. Cha kwanza sumu. Salfa kidogo sana, ile ya harufu ya yai bovu, inatua kwenye shaba na haiondoki tena, imekalia kiti. Kwahiyo ukitaka kutumia gesi ya samadi au ya mabaki ya samaki lazima uitoe salfa kwanza, wenye mitambo ya gesi ya samadi wanajua ule mtego wa vyuma vyenye kutu. Cha pili ni kugandana. Zile chembe ndogo zikipata joto na mvuke wa maji zinaanza kukumbatiana zinakuwa kubwa, dagaa anageuka sangara. Na ukitumia hewa ukaa tupu maji yanayotoka ni mengi, kila methanoli moja na maji yake moja, hiyo ndo tabu niliyosema juu. Ndo maana watu wanatafuta nyingine, mfano oksaidi ya indiamu juu ya zirkonia, watafiti wa ETH kule Zürich waliitangaza mwaka 2016, inavumilia vizuri sana, ila indiamu ni metali adimu, ndo hiyo inatumika kwenye vioo vya simu za kugusa.

Hii spiriti inanyweka? Ni kama gongo?

Hapana hapana hapana. Inayotoka hapa zaidi ni METHANOLI. Gongo na bia ni ethanoli. Kwa macho zinafanana, harufu zinakaribiana, tofauti ni kwamba methanoli mwilini inageuzwa kuwa asidi ya fomiki, ileile ya baadhi ya sisimizi, inaua mishipa ya macho. Mililita 10, vijiko viwili vya chai, imeshapofusha watu. Na ubaya wake mtu anakunywa leo anacheka, dalili zinakuja baada ya nusu siku au siku nzima, anasema anaona ukungu. Mtu akifika hapo msimpe maziwa msimuombee tu, mpelekeni Bugando au hospitali yoyote ya karibu HARAKA na mseme wazi alichokunywa, dawa ipo ila muda ndo kila kitu.

Alafu moto wake mchana hauonekani vizuri, unaweza kuungua huoni kinachokuunguza. Nimewaona vijana wakichezea spiriti kwa kiberiti juani, acheni.

Kwanini wasitengeneze ethanoli moja kwa moja basi, isiyo sumu?

Wanajaribu. Ugumu ni kwamba methanoli ina kaboni moja, ethanoli ina mbili zilizoshikana, na kuzifunga kaboni mbili pamoja huku hujavuka ukaishia kwenye gesi nyingine ni ufundi mwingine. Njia inayovutia zaidi ni ya umeme: bamba la shaba ndani ya maji yenye hewa ukaa, unapitisha umeme, haidrojeni inachukuliwa hukohuko kwenye maji, hakuna presha kubwa wala joto. Mjapani Yoshio Hori miaka ya 1980 ndo aliyeonyesha kwamba kati ya metali zote shaba peke yake ina tabia ya kutoa gesi za aina ya methani na spiriti kwa wingi. Mwaka 2016 maabara ya Oak Ridge, Marekani, waliweka chembe za shaba juu ya miiba midogo sana ya kaboni, bila kutegemea wakakuta wanapata ethanoli, na asilimia 63 ya umeme uliopita ulienda kwenye ethanoli. Waliipata kama kwa bahati, ndo raha ya maabara.

Ila usifurahi sana. Ethanoli inatoka imechanganyika na maji mengi, inabidi uichemshe kuitenga, na sehemu ya hewa ukaa inapotea kwenye chumvi za hayo maji. Wakati huohuo molasi ya kiwanda cha sukari kule Kagera, hamira na pipa, inakupa ethanoli bila kuuliza bei ya umeme. Kwa jiko la spiriti la nyumbani, na serikali inataka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034, mi naona molasi inashinda kwa mbali.

Injini ya mtumbwi itaikubali?

Hili la bamdogo, nilipaswa kulianza maana alishakasirika. Itawaka, methanoli inavumilia mgandamizo mkubwa kuliko petroli, magari ya mashindano ya Indianapolis kule Marekani yaliitumia miaka mingi. Ila injini yako ya nyuma ya mtumbwi kama ilivyo, hapana. Jeti za kabureta zinatakiwa kubwa maana mafuta yanayoingia ni mara mbili, mpira na aluminiamu vinaliwa, na kama ni ile ya kuchanganya oili, oili ya kawaida haiyeyuki kwenye methanoli, inakaa pembeni, injini inakauka inakamata katikati ya ziwa usiku. Inayoyeyuka ni mafuta ya nyonyo. Bamdogo aliposikia nyonyo alicheka mpaka akakaa chini, kwao waliyatumia kupaka ngozi.

Na meli je?

Huku ndo kwenye akili. Betri haifai kwa meli kubwa ya safari ndefu, dumu linafaa. Feri ya Stena Germanica, inayotoka Gothenburg Sweden kwenda Kiel Ujerumani, ilibadilishwa injini mwaka 2015 ikaanza kutumia methanoli, na mwaka 2023 ikaja Laura Maersk ya makontena. Tanki linakuwa kama mara mbili na zaidi ya la dizeli. Sasa fikiria meli yetu MV Mwanza, abiria 1,200, safari ya Bukoba, hiyo mtu akiniambia miaka ijayo inatumia methanoli sitamcheka. Boda akiniambia nitamshauri anunue ya betri, kwasababu kwa uniti zilezile 8 za lita moja ya spiriti pikipiki ya umeme inaenda mbali mara kadhaa zaidi.

Inasafisha mazingira kweli?

Umeme wako unatoka wapi? Ukiwa wa maji, Rusumo au bwawa la Nyerere, sawa. Ukiwa wa gesi, uniti moja inatoa karibu nusu kilo ya hewa ukaa, mara 8 ni kama kilo 3.5 mpaka 4, ili umeze kilo 1.1. Unafagia ndani unamwagia jirani. Hata kile cha Anyang haidrojeni yake inatoka kwenye gesi ya tanuri za makaa ya mawe, sio kwenye maji. Alafu ukishaichoma methanoli hewa ukaa inarudi juu vilevile, haijafungwa popote, imetumika mara mbili tu.

Kuna jamaa anauza mashine ya kugeuza moshi wa jenereta kuwa petroli, nimpe hela?

Alishanifikia na mimi, ana mtungi umepakwa rangi ya fedha na katalisti "ya siri" kwenye kopo la rangi. Muulize maswali mawili tu. Haidrojeni unaitoa wapi? Inakula uniti ngapi kwa lita? Wangu alijibu la kwanza kwa kusema inatoka kwenye moshi wenyewe. La pili alisema haitumii umeme. Nikamuaga.

Kiwanda Mwanza?

Sio sasa. Labda umeme ukizidi usiku ukakosa mnunuzi.

Ikimwagika ziwani samaki si watakufa?

Pale inapomwagika nyingi kwa mara moja, ndio, watakufa, na maji ya hapo mtu asinywe. Ila methanoli inachanganyika na maji yote, haielei, inasambaa, na bakteria wanaila ndani ya siku chache. Dizeli inakaa juu, inaganda kwenye mawe na nyavu. Bamdogo hapa alinyamaza kidogo, akanikumbusha mwaka boti moja ilivuja dizeli karibu na uwanja wao wa kuanikia, dagaa wote wakashika harufu, wanunuzi wakanusa wakaondoka. Akauliza, hii yako inanuka kwenye dagaa? Nikamwambia ikikauka inaruka yote, haiachi harufu. Akasema basi bei ikishuka nimwite.